Suruali ya Kupigia Magoti

Juzi pale Mweso nilikuwa kwa fundi wa nguo, yule anayejisifu kwamba kola zake hata Buruseli kwa wazungu hawaziwezi. Bwana harusi mmoja, mwenye duka, alikuwa anajaribu kostimu, suti mpya ya kwendea kwa wakwe. Kweli alipendeza. Shangazi yake akamzunguka polepole, kisha akasema:

«Piga magoti.»

Fundi akashtuka. «Mama, angalia kwanza kola!»

«Kesho mbele ya wakwe, kola haitapiga magoti. Ni huyu njo atapiga. Haya!»

Akapiga. Prrr! Suruali ikapasuka matakoni, na kaptula nyekundu ya ndani ikatusalimia sote.

«Ni uzi tu, mama,» fundi akajitetea.

«Uzi njo kazi yako, papa! Mushono ya kunyooka haujui, unakimbilia kola?»

Fundi akaanza kupangusa ile kola, kana kwamba vumbi ndilo lenye kosa.

Nilicheka, halafu nikawakumbuka wakubwa wetu wa serikali tangu uhuru. Kola safi, Kifaransa kinateleza, na wakisimama wanapendeza. Ikifika saa ya kuinama kufanya kazi, mimi nafumba macho. Masikio yananitosha: prrr!