Nyuzi za Mfuko wa Mama

Mimi nina hasira za karibu, na Mama anajua. Kaka yangu aliponipigia simu kusema Mama ahamie kwake hapa Gitega, maana goti limemshinda na kisima kiko chini kabisa ya mlima, nilimfokea mpaka majirani zangu wa mtaa wa Yoba wakatoka nje kusikiliza. "Mama hatoki Muyinga!" nikasema. "Maji yatamfuata hukohuko nyumbani!" Nikakata simu, ndipo nikaanza kujiuliza yatamfuataje.

Kusema kweli, kaka hakuwa na ubaya. Mama alikuwa anateremka na kidumu kila asubuhi, na kurudi anapanda akisimama penye kila jiwe kama anayesalimia watu. Lakini nyumba ile ndiyo ya kwanza kuwa yake. Sisi sote alituzaa na kutulea ukimbizini Tanzania, katika nyumba za kupewa, na aliporudi aliijenga hiyo kwa jasho lake. Kumwambia aiache mimi sikuweza. Tukapatana na kaka hivi: niende Muyinga nimjengee tangi la kukinga maji ya mvua. Likishika maji, anabaki. Likivuja, anafunga mizigo.

Mimi ni mwanamke, na ni fundi simenti. Natengeneza masinki ya kufulia na vyungu vya maua, na wanaume wanaokuja kumuulizia fundi nawaacha waulize mara ya pili ndipo najibu. Tangi la zamani la Mama lilikuwa na waya ndani, waya ukaota kutu, likapasuka. Safari hii nikasema hapana, natumia nyuzi za mifuko ya plastiki, ile ya mchele. Unaufumua mfuko, unakata nyuzi vipande vya urefu wa kidole, unachanganya kwenye lipu. Ufa ukitaka kufunguka, nyuzi zinaushika pande zote mbili.

Shida yake ni utelezi. Nyuzi hizo ni laini mno, simenti haizishiki. Zinakaa ndani ya lipu kama mgeni aliyekataa kuvua koti, na ukivuta kidogo tu zimeshatoka.

Anayeniuzia simenti kule Muyinga ni mzee mmoja Mwislamu, babu zake walitoka India, na kila fundi akipita dukani kwake anaacha siri zake pale. "We mama," akaniambia, "iyi uzi iko nateleza sana. Za kiwandani wanazikwaruza mbele ya kuziuza. Donc na we ukwaruze." Nikamuuliza, basi mbona haniuzii hizo za kiwandani? "Mi sina," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nikakwaruza. Nilitia nyuzi kwenye gunia pamoja na mchanga wa mtoni, tukasugua mimi na Mama, kila mtu ameshika upande wake, tukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Zikatoka zimechakaa, zina vinyweleo, ukizipitisha kidoleni zinawasha. Nikazianika sebuleni, nikaenda kutafuta matofali. Niliporudi jioni nikazikuta zimefungwa mafungu mafungu, nadhifu kabisa. Nikajua tu ni Mama na usafi wake, nikazikata na kuzichanganya.

Kwetu fundi haanzi tangi bila kibao. Kibao ni kipande chembamba cha lipu ileile utakayojengea. Unakifunika kwa majani ya migomba, unakimwagilia mpaka kikomae, kisha unakilaza juu ya matofali mawili na mwenye nyumba anakikanyaga. Mwenye nyumba, si fundi, maana fundi anajua kukanyaga kwa ujanja. Siku hiyo Mama akavaa kitenge chake cha Jumapili, akaita majirani, akaweka mguu.

Pa! Vipande viwili, tena kila kimoja kikaangukia upande wake.

Nikaokota. Nyuzi zilikuwa zimechomoka safi, hazina hata vumbi la simenti. Nikanusa. Mawese.

"Mama! Umezipaka mafuta?"

"Kidogo tu," akasema. "Nilidhani tunaziosha tu, kumbe umezitesa, maskini, zimeota manyoya. Nikazitengeneza."

Mama ni msusi wa vikapu, na wasusi wa kule hufumua mifuko hiyohiyo kupata nyuzi zao. Uzi ukikwaruza, wanaupitisha kati ya vidole vyenye tone la mawese mpaka ulainike. Kwa msusi, kutumia uzi wenye manyoya ni sawa na kwenda harusini hujachana nywele. Alikaa siku nzima na lile goti lake, akipaka uzi mmoja mmoja, ili anisaidie. Nami, ee Mana we, Mungu wangu, nikapayuka! Nikamwambia anajifukuza mwenyewe kwenye nyumba yake. Majirani wakakumbuka kwamba wana mboga motoni. Mama akaketi kizingitini akilisugua goti, na moyo ukaniuma vibaya sana.

Baadaye akasema, "Kwa hiyo simenti inapenda uzi mbaya."

"Mbaya kabisa, Mama."

"Hata ukijikunjakunja?"

"Hapo ndipo inaupenda zaidi. Ina pa kushikia."

"Sasa si ungesema!" Akaanza kucheka. "Mimi nimekusuka wewe tangu una meno mawili. Nywele zikifumuliwa zinakuwaje? Zinalala?"

Hazilali. Zinabaki na mawimbi, hata uzichane vipi. Nikamkumbatia hapohapo mlangoni, akanisukuma, akasema nanuka simenti.

Lakini zile nyuzi za mawese sikuziamini tena, hata baada ya kuziosha kwa maji ya majivu. Nikasema kesho nitakwenda kwa yule mzee wa duka kuomba mifuko mingine. Mama akasema ngoja. Akaingia chumbani, akarudi anaburuta mfuko mkubwa wa mchele umejaa pomoni. Akaukung'uta juu ya mkeka: vitenge vyake, blanketi, rozari, picha ya marehemu baba ikiwa imeviringishwa ndani ya sweta.

Alikuwa ameshafunga. Tangu siku ya simu alikuwa amefunga, wala hakuniambia neno.

"Chukua," akasema. "Ufumue."

Tukaufumua. Tukasugua nyuzi kwa mchanga, tukazisuka mikia mikia, tukachovya mikia hiyo kwenye maji yanayochemka, ikapoa, tukaifumua tena. Nyuzi zikatoka na mawimbi kama nywele za bibi harusi siku ya pili. Kibao kipya kilipokomaa, Mama akakipanda. Kikalia kri! Ufa ukaonekana, kikapinda kidogo, kikakataa kuachana. Akajitikisa juu yake. Kikakataa. Nilipiga vigelegele peke yangu, halafu majirani wakarudi wakanisaidia. Nikajenga tangi kwa lipu ileile.

Kaka alikuja kutoka Gitega baada ya mvua kubwa za kwanza. Alilizunguka tangi huku akiligonga kwa vidole na kupapasa chini kutafuta unyevu, sura yake kama ya afisa wa forodha. Hakupata hata tone. Mama alimchotea maji kikombe kizima, akasimama mbele yake mpaka alipoyamaliza yote.

"Haya, nimeshindwa," kaka akasema. "Lakini Mama, chumba chako kiko tayari. Siku yoyote ukitaka kuhamia, unachukua tu mfuko wako unakuja."

Mama akaweka kiganja juu ya ukuta wa tangi, akaupigapiga taratibu.

"Kukutembelea nitakuja," akasema. "Kuhamia ndiyo haiwezekani. Mfuko wangu umo humu."