Jedwali la Zamu za Mama

Umeneja wake hakupewa na mtu. Alikuwa msaidizi wa mtunza ghala, kazi yake kuhesabu magunia yakiingia na kuyahesabu tena yakitoka. Meneja wa kweli akienda kula mchana, yeye huingia ofisini mle kupumzisha mgongo kwenye kile kiti cha kuzunguka. Siku moja wachukuzi wakamfuma humo, miguu juu ya meza, anazunguka polepole kama feni iliyokatiwa umeme. Tangu hapo wakamwita Meneja. Wao walikuwa wanamcheka, yeye akaitika. Jina la dhihaka likiitikiwa miaka mingi huota mizizi, hata mkewe akalitumia, ingawa yeye alilitamka kama anatema mbegu ya ndimu.

Alipostaafu alibaki na suruali zenye mstari wa pasi, kalamu mfukoni, na hamu ya kusimamia. Wa kusimamiwa ndio hawakuwepo. Watoto walishaondoka, na mke hasimamiki. Ndipo mama yake mzazi akaanguka bafuni akavunjika nyonga, akawa wa kulala kitandani, na Meneja akapata kampuni.

Mama yule alivunjika kote, si mdomo. Alikaa kwenye nyumba yake ya vyumba viwili na hakutaka kuhamishwa. Watoto wake ni wanne: Meneja ndiye mkubwa, anamfuata Dada Fundi wa cherehani, kisha Dereva wa lori, na wa mwisho Kitinda, mwalimu wa chekechea aliyekaa mtaa wa pili. Kumuuguza kulikwenda hivi hivi. Aliyepata nafasi alikuja na alichonacho, na palipobaki pengo Kitinda aliliziba, halafu akanyamaza. Meneja hakujua hilo. Udongo uliozibia ufa vizuri nani anauona?

Alichokiona yeye ni siku sufuria tatu za uji zilipogongana mlangoni.

"Leo mnaninenepesha," mama akasema, "mnanipeleka mnadani?"

Wenzake wakacheka. Meneja akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapa hakuna mfumo," akasema.

Kesho yake akaenda steshenari. Binti wa pale akamfungulia kompyuta, akamwonyesha violezo vya bure, majedwali yaliyokwisha kuchorwa na wengine: ya mahudhurio, ya bajeti, ya ratiba, wewe unajaza majina tu. Meneja akavipitia kama anayechagua kitambaa cha suti, akasimama kwenye kimoja cha buluu.

"Hiki."

"Hicho ni zamu za wafanya usafi wa maofisini, mzee. Vya kuuguza mgonjwa vipo, hivi hapa chini."

"Hivyo vimepauka. Jaza hicho."

Binti akajaza. Dada Fundi akapewa Jumatatu na Alhamisi, Kitinda Jumanne na Ijumaa, Dereva Jumatano. Juu kabisa, kwa herufi nene, Meneja akaandikwa Msimamizi wa Zamu. Chini, penye zamu zenyewe, jina lake halikuonekana, na wala hakulitafuta. Kisha binti akamwekea kwenye simu programu ya kufungulia mafaili ya namna hiyo.

"Hii ni ya bure, mzee, ila ni ya kuangalia tu. Ukitaka kubadilisha kitu utalipia, au urudi hapa kwangu."

"Nibadilishe nini? Kilichoingia kwenye kompyuta kimeshakuwa."

Jioni akawakusanya wote chumbani kwa mama na kuwatumia faili. Hapo ikawa vurugu. Simu ya Dereva ilionyesha nusu ya jedwali tu, akatangaza kwa furaha kwamba yeye hayumo, mpaka Dada Fundi alipomsukumia kidole pembeni Jumatano yake ikajitokeza. Kitinda alisoma taratibu, kama anavyosomea watoto wake.

"Kaka, hapa pameandikwa 'Eneo la kusafisha'."

"Ndiyo."

"Eneo ndio mama?"

"Soma mbele, usichambue."

"Mbele pana 'Sahihi ya mteja'."

Mama akageuza shingo kwenye mto. "Mteja nani?"

"Wewe, mama," Meneja akajibu. "Utaweka sahihi kila siku kwamba umehudumiwa."

"Mimi mteja wako. Kwani nilikuzaa au nilikuajiri?"

Dereva akajifanya anakohoa. Kitinda bado alikuwa na swali. "Na hivi visanduku viwili vya kijivu huku mwisho, Jumamosi na Jumapili? Vimeandikwa 'Ofisi imefungwa'."

Meneja akaisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali. Kweli vilikuwepo. Akagusa pale kwa ukucha, programu ikamletea tangazo la kumtaka alipie kwanza. Akagusa tena, tangazo lile lile. Mtu mwingine angesema nimekosea, kesho nitarudi steshenari. Lakini huyu alishajiita Msimamizi mbele ya wadogo zake, na kushuka ngazi kunahitaji magoti mazima.

"Hivyo ni vya mfumo," akasema. "Mfumo hauguswi."

Wiki ikaanza, Meneja akawa anapita kukagua, mikono nyuma. Jumatano lori la Dereva likafia njiani, na Kitinda, kama kawaida yake, akatokea na sufuria. Akamkuta kaka yake amesimama mlangoni.

"Leo si siku yako."

"Dereva amekwama njiani, kaka."

"Huo ni utoro, na utaandikwa. Wewe ukiingia utoro wake utaonekana wapi?"

"Sasa mama atakula nini, huo utoro?"

"Sufuria iache. Wewe nenda. Usituvurugie mfumo."

 Kitinda akaiweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye gauni, akaondoka. Angemtukana ingekuwa afadhali. Mama akanywa uji umepoa, maana Msimamizi hakujua majiko ya nyumba ile yanawashwaje.

Jumamosi asubuhi Meneja alikuwa kwa kinyozi, shuka shingoni, anaitoa simu chini ya shuka kuwaonyesha wazee wenzake waliokuwa wakisubiri zamu ya wembe.

"Hili linaitwa lahajedwali," akawaambia. "Kila mtu anajua siku yake. Hakuna kelele, hakuna kusutana."

Wazee wakaguna kwa heshima. Kinyozi akainamia simu, mkasi hewani. "Leo yuko nani kwa mama?"

"Leo," Meneja akasema, akatazama. "Leo imefungwa."

"Imefungwa nini?"

"Ofisi."

"Ahaa," kinyozi akasema, akarudi kwenye kisogo cha Meneja. "Na mama naye mmemfunga?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwinua. Alitoka upande mmoja umenyolewa, mwingine bado, akaenda mbio kwa namna ya mtu anayetaka ionekane hakimbii.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani harufu ilimtangulia kumwambia. Shuka ilikuwa imelowa tangu alfajiri. Kikombe cha bati kilikuwa sakafuni, maji yameshakauka, na mkono wa mama ukining'inia pale pale ulipokikosa. Midomo yake imepasuka kwa kiu.

"Msimamizi," akasema kwa sauti ndogo. "Lete hiyo sahihi niweke."

Meneja akampa maji, nusu yakaishia kifuani. Kisha akapiga simu. Dada Fundi alikuwa kwenye nguo za watu: "Kaka, nimefungua faili linasema imefungwa. Mimi ningejuaje? Nikajua Kitinda yupo, si huwa yupo?" Dereva alikuwa mji mwingine. Kwa Kitinda simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Mama amelala kwenye maji," Meneja akasema.



"Kaka, nilikuja ukanifukuza. Nani huko anayeweza kusimama? Wewe si unasimama? Chemsha maji. Mwite mama jirani amwogeshe, yeye anajua. Shuka zipo sandukuni. Nakuja jioni, lakini sasa hivi fanya wewe. Ukinisubiri mimi atapigwa na baridi."

Alifanya. Jirani alimwogesha mama na kumbadilisha, naye akakokota godoro mpaka uani, akafua zile shuka kwenye beseni, suruali ya mstari imekunjwa mpaka magotini, kichwa nusu kipara, na mtaa mzima ukipita. Kitambaa kilichojaa maji ni kizito kuliko gunia, na hakina mchukuzi. Aliwasha jiko baada ya kuharibu nusu ya kiberiti. Uji ukatoka na madonge, sehemu umeungua, sehemu mbichi. Akaketi ukingoni mwa kitanda akamlisha mama kijiko kwa kijiko.

 Mama akamaliza bakuli.

"Kesho nani?" akauliza.

Mkono wa Meneja ulikwenda mfukoni wenyewe. Akaurudisha.

"Kesho ni mimi, mama. Na Jumamosi nyingine pia."

"Mkeo anajua?"

"Nitamwambia."

"Muulize, usimwambie. Na uende ukamalizie kichwa, usinilishe ukiwa hivyo, nitapaliwa." Akafumba macho. Meneja akadhani amelala, akaanza kunyata kuelekea mlangoni. "Kabla hujaenda, nigeuze. Ubavu huu umekufa ganzi."

Hakujua mtu anageuzwaje. Akarudi, akavua saa ya mkononi isimkwaruze, akamwuliza aanzie wapi.

"Begani," mama akasema. "Taratibu. Si gunia."