Aina Sita katika Tone Moja

Nilianza kazi ya chanjo kwenye zahanati yetu ya Mfaranyaki, hapa Songea mjini, mwaka 1991. Chumba changu kilipakana na maabara, na kati yetu ulikuwapo ukuta wa mbao tu, kwa hiyo Notburga Luambano nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Alikuwa akihesabu kwa kunong'ona. Asubuhi nzima, nilipokuwa nikiwachoma watoto sindano za surua na kifaduro, nilimsikia upande wa pili akihesabu vijidudu vya malaria kwenye darubini, akinyamaza, akiandika, kisha akianza tena slaidi nyingine.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka arobaini na kitu, mwenye vidole vilivyobaki na rangi ya zambarau ya dawa ya kupakia slaidi hata Jumapili kanisani. Umeme wa Songea wakati ule ulikuwa wa jenereta, unakuja na kuondoka utakavyo, hivyo darubini yake ilikaa dirishani na ilitumia kioo kidogo kunasa mwanga wa jua. Wingu likipita, alitulia na kungoja. Hakuwahi kuandika jibu la kubahatisha. Mganga wetu akimharakisha, alimjibu, "Daktari, kama unataka nikisie, hata wewe unaweza kukisia."

Ninaikumbuka miaka hiyo kwa mapenzi makubwa, ingawa haikuwa rahisi. Ndiyo ilikuwa enzi ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa. Maduka ya watu binafsi ya dawa yaliota kila kona, mabasi mapya yalianza kwenda Dar es Salaam, na sokoni mitumba ilimwagwa chini kwa marobota. Hapo hapo watu walikuwa wakipunguzwa kazi. Hironimus, mume wa Notburga, aliyekuwa fundi wa magari ya chama cha ushirika, alirudi nyumbani siku moja na sanduku lake la spana na hakwenda tena. Tangu hapo mshahara wa Notburga ndio uliowasomesha watoto wao wanne. Sikumsikia akilalamika. Tulikunywa chai ya saa nne pamoja kwenye ngazi ya nyuma, na mihogo ya kuchemsha aliyotoka nayo nyumbani ndani ya kitambaa.

Mwaka 1994 alikuja mtafiti aliyeitwa Daktari Leo, kijana mpole mwenye miwani. Alitueleza kwamba wanasayansi wa nchi mbalimbali walikuwa wakitafuta chanjo ya malaria, na kwamba kabla ya kuipata ilibidi wavijue vizuri vijidudu vyenyewe. Alimpa Notburga karatasi nyeupe za chujio, nzito kidogo kuliko za kuandikia. Kwa kila mtoto mwenye malaria ambaye mzazi wake amekubali, alitakiwa kudondosha tone la damu kwenye karatasi, kulikausha, kuandika namba na kulitia kwenye bahasha. Bahasha zingepelekwa Ulaya, ambako kulikuwa na mashine ya kusoma chembe za urithi za vijidudu vilivyokaukia humo.

Miongoni mwa watoto hao alikuwapo Sabra, wa miaka mitano, binti wa Subira. Subira alikuwa mwenyeji wa Tunduru aliyeolewa hapa mjini na Abasi, mwenye lori la mizigo, naye mwenyewe aliuza mitumba sokoni. Sabra alikuwa ameugua mara tatu katika muda mfupi. Siku ile Subira alimkalisha mtoto kwenye benchi la maabara, akauliza swali ambalo hatukuwahi kulisahau.

"Shikamoo dada. Naomba kuuliza. Mtoto huyu aliugua surua mara moja, basi, haikurudi. Malaria imekuja mara tatu. Kwani mwili wake haujifunzi?"

"Marahaba," Notburga alisema. "Sijui, mdogo wangu. Nitamwuliza anayejua."

Alimwuliza kwa barua. Jibu la Daktari Leo tulilisoma pamoja kwenye ngazi. Aliandika kwamba kinga ya mwili humtambua adui kwa protini zilizo juu ya kijidudu, na kwamba protini hizo kwa malaria hazifanani. Kijidudu alichonacho mtoto huyu kinaweza kuwa na sura tofauti na cha mtoto wa jirani, hata kama ugonjwa ni uleule. Mwili ukishaijua sura moja, inaingia nyingine.

Notburga alimpelekea Subira jibu hilo sokoni. Subira alikuwa akikunja makoti ya wazungu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe na wao wanavaa mitumba. Kila mmoja na koti lake." Notburga aliporudi kunisimulia, alicheka mpaka akavua miwani.

Mwezi wa kumi mwaka 1995 ilikuja barua nyingine, na hiyo haikuwa ya kuchekesha. Karatasi za Songea zilikuwa zimesomwa. Watoto wengi walikuwa na aina moja au mbili za kijidudu. Lakini karatasi namba arobaini na saba, ya Sabra, ilikuwa na aina sita. Daktari Leo aliandika kwa adabu, ila maana ilikuwa wazi: ilielekea damu za watoto kadhaa zilichanganyika mikononi mwa mchukuaji. Karatasi hiyo ingetolewa kwenye hesabu, na Notburga aliombwa aeleze jinsi alivyofanya kazi.

Alinisomea bila kupandisha sauti. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi darubinini. Sikumsikia akihesabu siku hiyo. Jioni nilipochungulia nilimkuta amekaa, slaidi imekauka mbele yake.

"Miaka kumi na tisa, Dorine," aliniambia. "Sijawahi kuchanganya damu ya mtu na ya mtu."

"Mwandikie hivyo."

"Hivyo kila mtu ataandika."

Kesho yake alikuja na daftari lake la kazi. Alionyesha ukurasa kwa kidole cha zambarau. Sabra alikuwa mtoto wa kwanza siku ile, saa mbili kasoro, kabla damu nyingine yoyote haijatolewa. Hakukuwa na cha kuchanganyia. Mchana tulikwenda wote wawili kwa Subira, Notburga akamwuliza mtoto alikuwa wapi kabla ya ugonjwa ule wa tatu.

"Alikuwa kwa bibi yake Nakapanya," Subira alisema. "Miezi minne. Alirudi Jumatano, homa ikaanza Jumapili."

Nakapanya iko Tunduru, chini kwenye joto, si kama hapa kwetu ambako baridi ya Juni na Julai inawapunguza mbu. Notburga alielewa palepale. Mtoto anayeumwa na mbu wengi hupata vijidudu vya kila namna, vikaishi vyote ndani yake kwa wakati mmoja. Aliandika hayo kwa Daktari Leo, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari. Akaongeza ombi: apewe karatasi thelathini na kibali, aende Nakapanya kwa likizo yake mwenyewe. Ilipita miezi. Mwishowe karatasi zilikuja, na vibali vyenye mihuri.

Tulikwenda Juni 1996, wakati barabara imekauka, kwa lori la Abasi lililopakia chumvi na makoti. Nilimsindikiza kwa sababu sikutaka aende peke yake, na pia kwa sababu sikuwa nimewahi kufika huko. Tulichukua siku mbili. Vumbi jekundu lilituingia mpaka kwenye meno. Tulilala Tunduru kwa ndugu za Abasi, waliotukaribisha kwa wali na kuku kana kwamba tulikuwa wakwe. Asubuhi mikorosho ilianza, ikaendelea bila kwisha pande zote mbili za njia.

Bibi yake Sabra aliitwa Mwanaisha. Mwanzoni hakutaka. Wenzake walikuwa wamesikia kwamba damu inakwenda kuuzwa.

"Damu yetu inaenda Ulaya kufanya nini?" aliuliza.

Notburga hakutoa hotuba. Alichukua kisindano kipya, akajichoma kidole chake mbele ya akina mama wote waliokusanyika, akadondosha tone kwenye ukurasa mtupu wa daftari lake. "Ni hili tu," alisema. "Ninachotaka kujua ni kwa nini mjukuu wako aliugua mara tatu. Waliniambia nilikosea. Sikukosea."

Mwanaisha alilitazama lile tone mpaka likakauka. Kisha akasema, "Hapa kwetu mtoto akivuka miaka saba, homa inamwachia kidogo kidogo. Inakuja, lakini haimwangushi. Wale wadogo ndio tunaowazika, hawajazijua zote."

Notburga aliandika maneno hayo kwenye daftari kama yalivyo. Baadaye aliniambia kwamba mama yule alikuwa ameeleza kwa sentensi tatu kile ambacho barua ya Daktari Leo ilieleza kwa kurasa mbili. Mtendaji wa kijiji alitia sahihi, na wazazi walianza kuleta watoto mmoja mmoja. Kwa siku tatu alichukua damu chini ya kibaraza cha ofisi ya kijiji, akinawa mikono kila mara. Waliokutwa na malaria kwenye darubini tuliyobeba ndio walioingia kwenye karatasi, na wote tuliwapa dawa.

Majibu yalifika mwaka uliofuata, na Daktari Leo aliyaleta mwenyewe. Kati ya watoto thelathini, wanne tu walikuwa na aina moja. Wengine walikuwa na tatu, nne, tano. Mmoja alikuwa na saba. Daktari alisimama kwenye mlango wa maabara, kofia mkononi.

"Mama Luambano, nilikukosea. Namba arobaini na saba imerudishwa kwenye hesabu. Naomba radhi."

"Nimeipokea," alisema. "Sasa niambie, chanjo itawezaje kuvishika vijidudu vyote hivyo?"

"Ndiyo kazi iliyobaki. Chanjo ya sura moja itazuia sura hiyo na kuziacha nyingine zipite. Lazima tupate sehemu ambayo vyote vinafanana, hata vikibadilika namna gani."

"Itachukua muda gani?"

"Nikikwambia miaka kumi nitakuwa nakisia."

Notburga alitabasamu. Alimkaribisha chai, nasi tukakaa watatu kwenye ngazi, tukala mihogo. Ripoti ilipochapishwa walimshukuru mwishoni kwa herufi ndogo, wakaandika jina lake Norbert, kana kwamba ni mwanamume. Hironimus aliikata sehemu hiyo akaibandika ukutani, na kwa mwezi mzima nyumbani walimwita Baba Norbert.

Notburga alistaafu mwaka 2008. Aliishi palepale Mfaranyaki, na macho yale aliyotumia kwa miaka mingi yakaanza kuingia ukungu. Mwaka 2019 nilisikia redioni kwamba watoto wa Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, wameanza kupewa chanjo ya malaria. Nilipanda bodaboda siku hiyo hiyo kwenda kumwambia. Nilimkuta barazani akichambua maharage kwa kupapasa.

"Inazuia yote?" aliuliza.

"Si yote. Wanasema inapunguza ugonjwa. Na sindano ni nne."

Aliendelea kupapasa maharage. "Nne," alisema. "Surua ulikuwa ukichoma mara moja, ukamaliza." Halafu akaanza kuuliza: ni vijidudu vya sura gani vinavyopita, na nani anavihesabu huko Malawi, na kama wanaandika saa ya kila tone. Nilimwambia sijui, wala sikukisia, akaonekana kuridhika.

Tukaanza kuwataja watoto wa Nakapanya, mmoja mmoja, kwa mpangilio aliowachukua. Alifika ishirini na tisa. Wa thelathini jina lake hatukulikumbuka wote wawili, ila tu kwamba alikuwa msichana na hakulia.