Kitunga ya mama mu nyumba ya prezida

Leo nimekuta kitunga ya mama yangu mu nyumba ya prezida.

Munajua ile nyumba ya prezida wa zamani, yenye waligeuza musée, nyumba ya kuonyesha vitu vya zamani? Nilienda na mama. Tangu ku mulango nilikuwa na mashaka kama vitu vyao ni vya kweli.

Gide, mwenye anatembezaka wageni, anatuonyesha kitanda: "Njo hapa prezida alikuwa analala."

Kitanda fupi vile! Alikuwa anakunja magoti?



Tukafika ku vitrini, kabati ya vioo. "Hii kitunga, wamama wa Masisi walimupatiaka prezida."

Mama akasogea karibu. Akaangalia mudomo ya kitunga, kwenye uzi ya kijani inazunguka.

Bandugu, mama anamalizaka kila kitunga na uzi yenye anafumuaka mu triko, sweta ya zamani. Ile kijani ilikuwa triko yangu ya masomo!

"Papa," mama akamwambia gide pole pole, "hii niliiachaka kwetu Ngungu, kule Masisi, siku tulikimbia vita, na maharagi ndani. Prezida wako alikuwa amesha kufa zamani."

Gide akaangalia mama. Akatosha funguo mu mufuko.

"Musée inafunga."

Ilikuwa saa ine ya asubui.

Batu ya Ngungu, nyinyi muliachaka nini mu nyumba? Muende muangalie mu vitrini.