Nilivyomnyonga Karani

Nikinusa mafuta ya nazi yaliyotiwa ua la mkadi, hadi leo shingo yangu huinama yenyewe. Ndiyo mafuta aliyonipaka Bi Tima, jirani yetu wa mtaa wa Bofu, ng'ambo ya feri, kila aliponisuka. Wengine wakiyanusa hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka uongo. Nausema hapa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ninyi hamko mbele yangu kunitazama usoni.

Siku hizo, kabla ya uhuru, sinema za mjini zilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, alasiri moja kwa juma. Shangazi yangu Mwanaisha hakulikosa. Alivuka feri na wenzake, kikapu cha kashata mkononi, na safari moja akanichukua na mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na haya zangu zilikuwa nyingi hata nikiitwa, "abee" yangu niliisikia mimi peke yangu.

Bi Tima hakuweza kwenda. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, yumo ndani, arobaini haijatimia.

"Mishi, nenda ukanitazamie," aliniambia. "Usiache kitu. Unisimulie hata rangi za nguo."

Ndiyo desturi yetu. Aliyekwenda alikuwa macho ya asiyekwenda.

Filamu ilikuwa ya Kihindi. Karani mmoja wa serikali aliikuta barua ya waziri. Waziri alitaka vita na nchi jirani, akawatangazia watu kwamba majirani wamewaua wajumbe wao, kumbe wajumbe wako hai, amewaficha mwenyewe. Karani akainakili barua, akaitia ndani ya kilemba, aende akaisome sokoni kabla majeshi hayajatoka. Shangazi alinifasiria kwa sauti iliyofika safu tatu mbele. Wa safu ya tatu wakamwambia anyamaze, naye akawafasiria na wao.

Karani alipoanza kupanda ngazi za soko, mimi nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa nimekunywa sharubati mbili. Niliona haya kumwambia Shangazi, na kupita mbele ya magoti ya wanawake wote wale niliona haya zaidi. Nikajibana, nikajibana, mwisho nikajikojolea. Nikatoka mbio, nikasimama uani juani ili gauni likauke. Filamu ikaishia huko ndani, mimi nasikia nyimbo tu ukutani. Shangazi alipotoka nilimwambia nilikuwa mlangoni nikitazama.

Kesho yake niliketi mkekani kwa Bi Tima, anisuke huku nikisimulia. Kwake yeye tu ulimi wangu ulifunguka. Nilipofika kwenye ngazi za soko nikanyamaza.

"Ehe? Akaisoma?"

Ningeweza kusema sikuona. Lakini angeniuliza kwa nini. Tena nilikuwa nimewasikia wanawake wakisema filamu isiyoliza haistahili nauli ya feri.

"Aliisoma," nikasema, "lakini hawakumwamini. Askari wakamkamata, wakamnyonga."

Mkono wake ukasimama kichwani mwangu. "Na mkewe?"

Hata sikukumbuka kama alikuwa na mke. "Alifukuzwa nyumbani na mtoto mchanga. Akafia njiani."

"Na vita?"

"Vikapiganwa vilevile."

Bi Tima hakulia. Alisuka msuko mmoja, akaufumua, akausuka tena. Aliniuliza mara mbili zaidi habari za yule mke, na kila mara nilimwongezea taabu.

Wakati huo vijana wa mtaa wetu na wa mtaa wa pili walikuwa wakigombea shamba la minazi lililokuwa katikati yetu. Kila upande ulisema ni la babu zao. Mapanga yalinolewa mchana kweupe, na siku ya kupigana ilijulikana: Jumapili. Alhamisi iliyotangulia nilikuwa uani kwa Bi Tima nikimpepetea mchele, mumewe Bwana Sefu akarudi kutoka kazini. Naye alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini, mtu mpole, mwenye kupandisha suruali magotini kabla ya kuketi. Walizungumza chumbani, dirisha wazi.

"Barua nimeipiga chapa mimi mwenyewe, Tima. Shamba serikali imeshalitwaa. Halipati huyu wala yule. Nikiwaambia watu kesho msikitini, nani atapigania kitu ambacho hakipo tena?"

"Nawe umeapishwa kutunza siri. Hukusikia ya yule karani? Mishi ameona kwa macho yake! Mwanao hata arobaini hajamaliza, wataka nikafe naye njiani?"

"Ile ni filamu, mke wangu."

"Filamu hutungwa na wenye kuyajua mambo, Sefu. Wallahi ukisema, hunikuti hapa."

Kisha Bwana Sefu akasema, "Haya."

Msiseme nilikuwa mtoto. Nilielewa. Maneno yalikuwa mawili tu: sikuona mwisho. Nikawaza gauni langu, nikawaza watoto wa Bofu wakiniita kikojozi. Mchele ulikwisha makapi, nami nikaendelea kupepeta.

Jumapili walipigana. Hakufa mtu. Lakini Athumani, mdogo wake Bi Tima, fundi cherehani, aliinua mkono kujikinga na panga, likamkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mwezi haukuisha, wapimaji wakaja na vigingi vyao, na vijana wa mitaa yote miwili wakasimama pamoja wakitazama.

Arobaini ilipotimia, Bi Tima alikuja kwetu na sahani ya mkate wa mayai. Alimlilia nduguye, kisha akanishika kichwa. "Mungu akuweke, mwanangu. Kama si wewe, mume wangu angekuwa kifungoni." Nilikula mkate ule.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilimuuliza Shangazi mwisho wa filamu. Akacheka. "Kunyongwa? Nani alikwambia? Alifungwa, kweli, lakini watu waliketi njiani, majeshi hayakupita." Hapo ndipo nilipotambua kwamba Bi Tima hakuwa akiniuliza ya mke wa kwenye filamu. Alikuwa akiniuliza yake, mke wa karani, naye akiwa ndani hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Bwana Sefu aliogopa jela, Bi Tima alimwogopea mwanawe, na mimi niliogopa kuchekwa.

Athumani aliacha cherehani, akauza makaa. Kila Idi alinipa mkono uleule wa kulia, wenye vidole viwili, kwa kuwa mtu hapewi wa kushoto. Niliushika, nikamwambia Idi mubaraka, na sikumwambia jingine.