Kitabu Kisicho na Pambizo: Safari Yangu ya Idjwi

Nilisafiri kwa sababu nimeandika kitabu, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema. Mimi niliyeanza maisha nikiuza sambaza, vidagaa vya ziwani, kwa bakuli pale Kadutu, mjini Bukavu, nilikwenda Ubelgiji, nikapata diploma ya ukunga yenye mhuri mkubwa kama kisosi, nikapanda cheo hadi ofisi ya kuagiza vitanda vya hospitali, na baada ya miaka ishirini na miwili nikarudi Bukavu kuwaandikia wakunga wetu mwongozo wa kuzalisha. Una kurasa mia mbili na jalada la kung'aa. Kurasa kumi na mbili za mwanzo zinaeleza maisha yangu. Ukurasa wa mwisho mzima ni picha yangu, nimesimama mbele ya ukuta mweupe.

Kilichobaki ni kitabu kukubaliwa darasani. Mkurugenzi wa shule moja ya wauguzi mjini alikipokea, akakipindua huku na huku.

"Docteur, kitabu iko muzuri," alisema. Mimi si daktari, lakini sikutaka kumkatiza. "Lakini siye bote hapa tulifundishwa na Maman Nabintu, kule Idjwi. Uniletee signature yake lundi. Bila ile, haitaingia."

Alinipa hadi Jumatatu kupata saini hiyo. Ijumaa, saa mbili asubuhi, nilikuwa bandarini nikingoja boti ya kisiwa cha Idjwi, nimevaa suti na tai yangu ya hariri kutoka Ubelgiji. Kwenye boti nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akirudi kisiwani na vikapu vitupu vya mananasi. Aliitazama tai kuanzia juu hadi chini.

"Papa, unaenda kuoa?"

"Hapana, mama. Naenda kutafuta signature ya mwanamke."

"Aa! Si njo kuoa kwenyewe?"

Boti nzima ilicheka. Nilitazama ziwa kwa heshima.

Saa tano na nusu tulifika. Pikipiki ilinipandisha kilimani kati ya migomba, na tai ilipepea begani kama bendera ya nchi ndogo. Maternité, mahali pa kujifungulia, ilikuwa nyumba ndefu ya mabati. Maman Nabintu alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mfupi mwenye mvi, alikuwa amevaa mabuti ya plastiki, na simu ilining'inia shingoni mwake kwa kamba.

"Karibu, mutoto yangu. Kwanza ukule."

Aliniletea bugali na sambaza. Nilizila nikihisi kwamba zinanitambua.

Nilipomaliza nilimkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Hakukisoma. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kurasa, kama mtu anayepima kitambaa sokoni.

"Fasi ya kuandika iko wapi?"

Nilimweleza kwamba vitabu vya kisasa havina nafasi tupu, na kwamba nilijaza maneno hadi ukingoni ili msomaji asipunjwe. Akaenda kabatini, akarudi na kijitabu cha zamani kilichochapwa kwa stensili, wino wake umefifia kuwa zambarau. Nusu ya kila ukurasa ilikuwa imeachwa nyeupe tangu mwanzo, na sasa nusu hiyo ilikuwa imejaa mwandiko. Hapo kwao, mkunga akijua kwamba jambo limebadilika, anaandika kwenye pambizo na kutia jina na tarehe. Palipochapwa kwamba mama anyolewe, mtu aliandika: "Hapana. Inaumiza bure." Palipochapwa kwamba mtoto ashikwe miguu juu na kupigwa matako ili alie: "Hapana. Huyu si kuku." Siku hizi maagizo mapya huingia kwenye simu yake, naye huyanakili kwa kalamu kabla betri haijaisha.

Nilitabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyesafiri. Kitabu changu kinasema, ukurasa wa arobaini na moja, mama alale chali. Ukurasa wa arobaini na tatu, kitovu kikatwe mara moja. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

"Diplome yako iko na miaka ngapi?" aliuliza.

"Ishirini."

"Iachilie ipumuzike. Ilichoka."

Saa nane mchana akaingia mama anayeitwa Furaha, uchungu umemshika, mtoto wa tatu. Maman Nabintu alinawa mikono, akaniambia ninawe pia. Nilimweleza Furaha, kwa adabu na kwa kirefu, faida za kulala chali.

"Papa, weye ulishazalaka?"

"Hapana."

"Basi simama sawasawa."

Akapiga magoti kwenye mkeka, akatafuta kitu cha kushika, akapata tai yangu. Kila uchungu ulipokuja alivuta, nami nikainama. Nimesoma mwili wa binadamu kwa miaka mitatu, lakini siku hiyo ndipo nilipoifahamu shingo.

"Musukume, maman!" alisema Maman Nabintu. "Na weye docteur, usilie. Si weye unazaa."

Mtoto akatoka, msichana, akalia bila kupigwa. Maman Nabintu alimlaza juu ya kifua cha mama yake. Mimi nilikuwa tayari na mkasi.

"Weka ile makasi. Gusa kwanza."

Niligusa kitovu. Kilikuwa kinapiga. Nilisubiri, kikaendelea kupiga, damu ya mtoto ikimfuata mwenyewe. Kisha kikapungua, kikanyamaza. Ukurasa wangu wa arobaini na tatu ungekuwa umekata zamani.

Jumamosi asubuhi kitabu kilisomwa kwa sauti kwenye benchi, mbele ya wakunga wawili na kina mama wanaongoja siku zao. Kila kosa lilitaka mahali pa kuandikwa, na mahali hapakuwepo. Palipatikana mahali pamoja tu: ule ukuta mweupe nyuma ya picha yangu. Sahihisho la ukurasa wa arobaini na moja liliandikwa juu ya sikio la kushoto. Maneno "Ngoja kitovu kinyamaze" yalikaa juu ya kichwa kama kofia. Ukuta ulipokwisha, walihamia kwenye shati.

"Na signature, maman?"

"Si ile pale, kwa kidevu. Nimetia mara tisa."

Jumatatu, Bukavu. Mkurugenzi alifungua mwisho wa kitabu, akaisoma picha yangu, akawaita walimu wote.

"Tunakamata, kitabu itaingia," alisema. "Lakini urudishe kwa imprimerie, waweke fasi ya kuandika."

Mchapaji aliniambia pambizo zinakula kurasa, kwa hiyo lazima kitu kitoke. Zilitoka kurasa kumi na mbili za maisha yangu. Nilipigania angalau mbili, nikabakiziwa mstari mmoja.

Nilichojifunza ni kwamba kitabu cha kuzalisha hakimaliziki kuandikwa, na anayekiandika aache nafasi kwa watakaomsahihisha. Tai niliiacha Idjwi. Wameifunga kwenye boriti ya maternité, na kina mama huivuta wanaposukuma. Diploma iko ukutani kwangu, kitabu kiko shuleni na makosa yake yameandikwa pembeni, lakini katika vyote nilivyoleta kutoka Ubelgiji, tai hiyo peke yake ndiyo ambayo Maman Nabintu hajaisahihisha.