Nilichokiona Tulipomwosha Mama Mkubwa

Wateja wangu wa Chang'ombe watakwambia kwamba mimi ni mtu wa maneno. Nauza vitenge na khanga, na kabla hujachagua doti moja nitakuwa nimeshakuuliza umeolewa wapi, una watoto wangapi, na yule wifi yako aliyekununia mwaka jana mmepatana au bado. Mdomo huu niliurithi kwa bibi pamoja na duka. Yeye aliupata kwa babu yake, aliyekuja Dodoma na misafara ya biashara akaamua hapa panamtosha. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna neno moja nililolimeza kwa miaka ishirini na nne, ataona namtania.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa alipofariki mama mkubwa, yaani dada yake mama. Hakuwa ametimiza arobaini. Miezi yake ya mwisho aliishi chumba cha uani, mlango umefungwa, udi unafuka tangu asubuhi. Watu wakiuliza, mama alijibu kwamba dada ana jipu. Jipu la wapi, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Alikuwa anabisha hodi, anaweka bakuli chini mlangoni na kuondoka, kama alivyoagizwa.

Siku ya msiba wanawake wa kuosha walikuwa wachache, nikaitwa mimi nikashike birika. Walipofunua shuka nililiona ziwa lake la kushoto. Sitasema zaidi ya kwamba halikuwa ziwa tena, na kwamba niliisahau birika mkononi mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Bibi mmoja wa mtaani aliyekuwa akiongoza kuosha hakunikaripia. Tulipomaliza, kafuri imeshapakwa na sanda imefungwa, alinishika kidevu akaniambia, "Mwanangu, anayeosha maiti anasitiri. Ulichokiona humu usitoke nacho."

"Sawa, bibi," nikamjibu.

Nilijiona mtu mzima siku ile. Wenzangu walikuwa jikoni wanamenya vitunguu na mimi nilikuwa nimeaminiwa siri ya marehemu. Nilijivunia kunyamaza, na nikikumbuka kile kiburi changu nasikia aibu mpaka leo. Miaka ikapita, mama akafariki kwa presha, bibi wa kuosha na wenzake nao wakaenda, nikabaki peke yangu ninayejua.

Mdogo wangu nilimlea mimi. Alivunja ungo akiwa na miaka kumi tu, mapema kuliko wenzake wote darasani, akaja dukani analia akidhani ameumia. Nilimcheka. Nilimfunga kipande cha khanga na kumwambia asilie mbele ya wateja. Akakua, akasoma, akaolewa akiwa na miaka ishirini na nane na mwalimu mmoja Mgogo, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, wakaanza kujenga Nzuguni. Wakakubaliana mtoto asubiri mpaka nyumba ipauliwe.

Nikamsindikiza kliniki akachukue vidonge vya majira. Nesi alikuwa na karatasi ya maswali. Akauliza kuhusu sigara, presha, kichwa kuuma. Kisha akauliza, "Kwenye ukoo wenu kuna mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya titi?"

Mdogo wangu akanitazama, kama anavyonitazama kwa kila jambo la nyumbani kwetu.

"Hakuna, nesi," nikasema.

Ningeweza kujitetea kwamba nilisahau, au kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Swali lilipoulizwa tu niliiona ile birika mkononi mwangu. Lakini nilihisi kwamba nikifungua kinywa nitakuwa nimemvua mama mkubwa sanda mbele ya mgeni mwenye kalamu. Basi nikamsitiri maiti, aliye hai nikamwacha wazi. Nesi akaandika alichoambiwa, akampa vidonge, tukatoka tukanunua zabibu barabarani na kuzila tukitembea.

Alivitumia zaidi ya miaka mitatu. Nyumba ikapauliwa, akaviacha, akashika mimba, akajifungua binti akiwa na miaka thelathini na mbili. Mtoto alipofikisha miezi mitano, mdogo wangu aliniita chumbani akanishikisha ziwa la kulia, upande wa kwapani.

"Dada, hapa kuna kitu kigumu. Hata hakiumi."

Kilikuwa na ukubwa wa zabibu moja, na kilikaa palepale hata nilipokisukuma kwa kidole. Nikamwambia ni maziwa yameganda. Kwetu maziwa yakiganda tunakanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha tunachana ziwa kwa kitana, kutoka juu kuja kwenye chuchu, ili njia zifunguke. Nilichanwa mimi, mama alichanwa. Basi kila Ijumaa jioni nilifunga duka nikaenda Nzuguni na kitana changu. Miezi mitatu! Nilimchana huku nikimsimulia vituko vya wateja, naye akicheka, na sikuruhusu kimya kiingie chumbani hata dakika moja, kwa kuwa nikinyamaza ningekisikia kile ninachokijua. Niliogopa. Uoga wangu niliufunika kwa porojo.

Shemeji yangu, yule asiyepandisha sauti, ndiye aliyesema inatosha. Alimpeleka hospitali mwenyewe, wakamchoma sindano ya kutoa kinyama cha kupima, na siku ya majibu nilikwenda nao. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alitueleza kwamba ni saratani, akasubiri tulie kidogo, kisha akachukua faili akauliza swali lilelile la ukoo.

"Hakuna," mdogo wangu akajibu bila kusita. Nilimfundisha mimi jibu hilo.

"Yupo," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, ya mtu mwingine kabisa. "Mama yetu mkubwa. Nilimwosha."

Daktari akaandika. Kisha mimi, mtu wa maneno, nikaanza kumwuliza daktari maswali mfululizo, nikitafuta pa kujificha. Je, ni vile vidonge? Akanijibu kwa subira. Vidonge vya aina ile huongeza hatari kidogo mtu anapovitumia, na akiviacha hatari hiyo hupungua polepole. Kuvunja ungo mapema nako huongeza kidogo. Kuchelewa kupata mtoto wa kwanza pia, na hata ile miaka michache baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza kabla ya kushuka, ingawa kunyonyesha kunasaidia. Yote hayo ni habari ya homoni na jinsi ziwa linavyozipokea. Lakini wanawake wengi sana wamepitia yote hayo na hawajaugua, akasema, na hakuna anayeweza kumwonyesha mgonjwa kidole na kusema sababu ni hii hapa.

"Kwa hiyo hata ningesema ukweli, angepewa tu vidonge?" nikauliza. Nilikuwa nataka msamaha, na daktari alikaribia kunipa.

"Huenda angepewa," akasema. "Ila angefundishwa kujipapasa, ingeandikwa kwenye kadi yake, na uvimbe usiouma asingekaa nao miezi mitatu."

Hakulisema kwa ukali. Laiti angenifokea, ningejua la kujibu.

Tukakaa kwenye benchi la nje, shemeji ameenda kupanga foleni ya dawa. Mtoto alikuwa mapajani mwangu.

"Jipu," mdogo wangu akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ulikuwa unajua? Wakati unanichana na kitana, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa tu kwamba..."

"Dada. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwangu, akahamia mwisho wa benchi.

Hakupokea simu yangu kwa wiki sita. Habari zake nilizipata kwa shemeji: ameanza dawa za dripu, mtoto ameachishwa ziwa, nywele zimekatika, leo amekula, leo hakula. Nilimtumia vitenge laini vya kufunga kichwani, shemeji akaniambia anavifunga. Dukani nilikaa kimya mpaka wateja wakaanza kuniuliza ninaumwa nini. Nilijibu kwamba nina mafua. Uongo mwingine tena, mdogo, umetoka wenyewe.

Jumatatu moja asubuhi simu ikaita, ni yeye. Sauti ilikuwa dhaifu lakini hakuzunguka.

"Binti yako anajua?"

Binti yangu wa pekee ana miaka ishirini, anasoma chuo Mwanza.

"Bado," nikamwambia. "Nilikuwa nangoja aje likizo, nimweleze vizuri tukiwa tumekaa."

"Mpigie sasa hivi. Na mimi nikifa, sitaki kuoshwa na mtu wa kunyamaza. Umenisikia, dada?"

"Nimekusikia."

Akakata. Mteja alikuwa ameshika doti ya khanga anasubiri bei. Nikamwomba radhi, nikamtoa nje kwa upole, nikafunga mlango na kumpigia mwanangu. Alipokea akicheka, kuna mwenzake alikuwa anamchekesha. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Nikamwambia mama mdogo wake anaumwa saratani ya titi. Nikamwambia kwamba ugonjwa huu umewahi kuingia kwenye ukoo wetu, na kwamba popote atakapotibiwa lazima awaambie.

"Lakini mama, waliniuliza mwaka jana," akasema. "Waliponipa vile vidonge vya homoni vya maumivu ya siku zangu. Waliniuliza kama kuna mtu kwenye ukoo."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia hakuna."